Msiba Nilioutangaza kwa Bahati Mbaya

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima.

Naishi peke yangu hapa Ngamiani, Tanga, tangu nilipostaafu kufundisha Kigiriki. Kwa miaka saba nimekuwa nikiandika riwaya inayobuni upya siku za mwanzo kabisa za Ukristo. Hakuna aliyewahi kuisoma. (Mhariri mmoja alinijibu, lakini alichosifu ni aina ya karatasi niliyotumia.)

Saa moja asubuhi nikaukamilisha ukurasa wa kwanza, kwa mara ya arobaini. Ni barua ya mwanafunzi mmoja kwa wenzake: "Ndugu zangu, mpendwa wetu ametutoka jana alasiri. Tumemzika harakaharaka kabla jua halijazama. Mama yake yuko kwangu, na hajatia kitu kinywani. Njooni." Jina sikulitaja, wala zama, kwa makusudi, ili msomaji auone msiba ule kama wa jirani yake. Nikamtumia kwa simu rafiki yangu aliyeko Mwera, ambaye huwa hanijibu, nikaiweka simu kwenye chaji, nikaenda kuoga.

Sikumtumia yeye. Niliutuma kwenye kikundi cha mtaa.

Nilipotoka bafuni (taulo, naam, taulo tu!) nikakuta wanawake sita sebuleni, khanga vichwani.

"Pole, Mwalimu," akasema Bi Mwanahamisi, jirani yangu wa mlango wa pili.

"Nimeshapoa," nikajibu, nikakimbilia chumbani. Ndiyo desturi yetu: ukipewa pole, unaipokea kwanza, sababu utaijua baadaye.

Nikatazama simu. Rambirambi thelathini na nne! Nje wanaume walikuwa wameanza kutandika majamvi na kufunga turubai.

Nilipaswa kusema kweli papo hapo. Sikusema. Nakiri mbele yenu: ilikuwa mara ya kwanza viti vyangu vinne kukaliwa vyote kwa pamoja. Mzee mmoja nisiyemjua vizuri alinishika mkono, na hakuuachia upesi. Nikajiambia, dakika kumi tu. Zikawa saa mbili. Sufuria la wali likaletwa.

Bi Mwanahamisi akanijia na bakuli mkononi. "Mwalimu, huyo mama mfiwa mmemweka wapi? Nimefungua vyumba vyote. Vitabu tu! Na uji wenyewe huu unapoa."

"Amepumzika," nikasema. (Uongo wa kwanza.)

Hapo mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shebe, akasimama na karatasi yake ili atangaze wasifu wa marehemu.

"Umri wake, Mwalimu?"

"Thelathini na mitatu, kwa makadirio." (Wataalamu hawajaafikiana.)

"Masikini, kijana! Aliugua nini?"

"Hakuugua. Aliuawa."

Waliokaa nyuma wakasogea mbele.

"Na nani?"

"Askari."

"Askari wa kituo gani? Hili hatuliachi hivihivi!"

Ningeweza kudanganya tena. Lakini nimezoea kutaja vyanzo kwa usahihi.

"Wa Kirumi," nikasema.

Watu wakatazamana. Kisha sauti ya Bi Mwanahamisi ikatoka mlangoni: "Ala! Huyu anamsema Nabii Isa!" Akajishika kiuno. "Mwalimu, kwetu sisi hakufa. Kwenu nyie kafufuka. Sasa sie tumekalia matanga ya nani?"

Walicheka hadi nguzo moja ya turubai ikalala upande. Mimi nilikuwa natafuta pa kuyaweka macho yangu. Mzee Shebe alipokwisha kujifuta machozi, akaniuliza kwa adabu: "Na hicho kitabu chako hasa kinasemaje?"

Miaka saba nimelisubiri swali hilo! Nikamweleza ninavyobuni kuwa dini ile ilianza: si kwa mahubiri, bali kwa watu waliokwenda kuhani katika nyumba moja, wakala pamoja, kisha wakakataa kuondoka.

Akaitia karatasi yake mfukoni. "Maneno mazito hayo, Mwalimu," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Haya jamani, tukunje majamvi."

Wali waliumaliza. Turubai wakalifungua. Kufika saa nane mchana, nyumba ilikuwa kimya kama jana, kama juzi.

Nawasihi msinicheke. Anayeshindwa kabisa kujizuia, basi aje acheke hapa kwangu; mlango sijaufunga.