Nyaya Nyekundu za Pikapu ya Baba Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

...na ndiyo maana nasema, mke kama huyu hapatikani mara mbili! Leo amekubali meza yetu mpya ya chakula igeuke karakana. Hakununa. Amesema tu nisiitoboe. Malaika!

Yote ni kwa ajili ya pikapu kuukuu, zawadi ya harusi kutoka kwa baba mkwe, Mungu ambariki. Geji zake zimekufa, ya mafuta na ya joto la injini. Baba mkwe ana sharti moja: tumtembelee nayo kabla mwezi haujaisha, ikitembea yenyewe. Ikishindwa, anampa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi magari. Shemeji ameshanunua makapeti ya kuweka ndani!

Nitaunda geji za kidijitali. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumanne, 6 Mei

Zinawaka! Skrini ya kushoto mafuta, ya kulia joto. Nimembusu mke wangu, kisha skrini.

Shemeji kapita, kaona nyaya zote nyekundu, kashika kiuno. Eti bwana harusi, utajuaje upi wa tangi na upi wa injini? Nikamjibu nyekundu ni rangi ya mapenzi. Akasema injini haina mchumba. Wivu mtupu.

Jumamosi, 10 Mei

Majaribio. Muujiza! Kadiri tunavyokwenda, mafuta yanaongezeka! Tumeondoka na ishirini na tano, tumefika sokoni na sitini. Injini nayo inazidi kupoa. Nimemwambia mke wangu hizi ni baraka za ndoa. Akasema yeye anasikia harufu ya kuungua. Kituo cha mafuta nimekipita nikipiga honi.

Jumapili, 11 Mei

Safari ya kwa baba mkwe. Mafuta tisini na nane! Joto mbili! Mara mvuke, mlio, kimya. Katikati ya mlima, jua la utosi. Rejeta imechemka na tangi limekauka, kwa mpigo mmoja!

Nyaya nilizipishanisha. Geji ya mafuta ilipima joto, ya joto ikapima mafuta. Hazikudanganya, masikini. Kila moja ilisema ya mwenzake, kama wanandoa.

Shemeji alikuja kutuvuta kwa kamba. Alicheka hadi akakaa chini barabarani. Hata hivyo alikuja, tena mbio. Namshukuru. Mke wangu akanishika mkono, akasema afadhali akwame na mimi kuliko afike na mwingine. Nikalia. Ule mvuke, bila shaka.

Jumatatu, 12 Mei

Baba mkwe kapiga simu: sharti liko palepale. Shemeji, moyo wa dhahabu, kaniletea tepe za njano na buluu nibandike kila waya nisichanganye tena. Ukarimu ulioje! Nimefungia nazo maua ya mke wangu.

Nyaya nyekundu nimeng'oa zote. Nilikosea rangi, basi. Mpya zote ni za waridi, kama gauni lake la harusi. Zinapendeza mno! Na nimeongeza skrini ya tatu.

Baba mkwe, tusubiri langoni. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa kwako, tangi likizidi kujaa njia nzima.