Kauli Moja Kuhusu Mzee Kupumzika

Idara ya Makubaliano inautangazia umma, kwa fahari na unyenyekevu, kwamba tangu izaliwe haijapata kupingana hata kwa bahati mbaya. Kazi nyingine zote ilizopewa hazijafanyika bado, lakini hazijafanyika kwa kauli moja.

Mkurugenzi wake, mzee mwenye tumbo la heshima, watu wake walimwita Kauli Moja, na jina hilo alilipenda. Mwenyewe alijua kwamba hana kipaji kingine chini ya jua ila kukubaliana na wenzake. Mashati yake huchaguliwa na mkewe, miwani alichaguliwa na mwenye duka, na hata kazi yenyewe aliiomba kwa sababu jirani yake alikuwa anaiomba.

Sasa umri wa kustaafu ulikuwa umemkuta kitini. Kanuni ilisema anaweza kuongezewa muda iwapo wafanyakazi bado wanamtaka, na kikao cha kuamua kilikuwa kesho yake asubuhi. Mzee alitaka kubaki. Alitaka sana, kama mtoto anavyotaka titi, maana nyumbani hakuna mtu anayesimama yeye akiingia.

Basi akazindua Operesheni Maalumu ya Ufuatiliaji wa Chimbuko la Maoni, yaani alitoka ofisini kwake akaenda kuuliza watu.

Alianza na Mhasibu, aliyemkuta akipuliza vumbi kwenye kikokotoo.

"Mwanangu, kesho mkono wako utaelekea wapi?"

"Bosi, mimi siwezi kujitosa peke yangu halafu nibaki naning'inia kama nguo kwenye kamba. Namwangalia Mama Masijala. Akinyoosha, nanyoosha."

"Na akikosea je?"

"Tutakuwa tumekosea wawili. Hilo si kosa tena, bosi. Hiyo ni sera."

Mzee akaona hoja ina uzito, akaendelea mbele.

Mama Masijala, mtunza mafaili, alikuwa amekalia mafaili ili kiti kimfikishe mezani.

"Mambo ya wakubwa mimi nayajulia wapi, bosi? Mdogo wangu dereva ndiye anayejua upepo unakoelekea. Anachosema yeye, nami nasema hicho hicho."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wote wananiangalia mimi. Mpaka shingo inaniuma kwa kuangaliwa."

Dereva alikuwa amelala chini ya gari la idara, miguu tu ikionekana. Mzee akazungumza na miguu.

"Mimi kila siku nampeleka mama kazini kwake, mzee wangu," miguu ikamjibu. "Anachosema mama njiani ndicho ninachokuja nacho."

"Mama yupi?"

Miguu ikajivuta ndani kidogo. "Mama wa nyumbani kwako, mzee."

Kauli Moja alicheka mpaka akaegemea gari. Kumbe idara nzima, pamoja na kamati zake na kamati za kusimamia kamati, inaongozwa na mke wake! Kumbe kura zote anazozitafuta zinalala kwenye mto wa pili! Akapitia dukani, akanunua manukato, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amerudi na kazi nyumbani, anapinda pindo la gauni la mteja.

"Mama watoto, kumbe wewe ndiye serikali!"

"Mimi? Nani kasema?"

"Watu wangu wanafuata maneno yako. Hebu niambie, umewaambia nini kuhusu mimi?"

"Yale yale unayoniambia wewe kila jioni ukivua viatu. 'Nimechoka, mke wangu. Kazi hii itaniua. Laiti wangeniacha nipumzike.' Nami nikamwambia dereva, jamani, muoneeni huruma mzee wenu."

"Lakini yale nilikuwa nasema tu! Ili ujue kazi yangu ni kubwa!"

"Nasema tu?" Mama akasimamisha cherehani. "Yaani miaka yote nakukanda miguu ya nasema tu?"

Hapo Mkurugenzi akaelewa matokeo ya operesheni yake. Maoni ya idara yalikuwa yametoka kinywani mwake mwenyewe, yakapanda gari, yakashuka masijala, yakazunguka meza zote, na sasa yalikuwa yanarudi kumzaba kofi kisogoni.

Mke alikuwa na moyo mwema. Palepale alimpigia dereva simu: mzee hajachoka, anataka kubaki. Dereva akampelekea dada yake. Mama Masijala akasikiliza, machozi yakamlenga.

"Maskini mzee wetu," akasema. "Mtu akifika mahali pa kutangaza kwamba hajachoka, ujue amekwisha."

Habari hiyo ikaenea kwa kasi ambayo waraka wa idara haujawahi hata kuiota.

Asubuhi kikao kikajaa mpaka dirishani. Makamu wa mkurugenzi akasimama, akasafisha koo. "Hoja ni kwamba mzee wetu apumzike. Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyenyoosha. Moyo wa Kauli Moja ukaruka kwa furaha.

Mhasibu akamwangalia Mama Masijala. Mama Masijala akamtafuta mdogo wake, lakini dereva alikuwa barabarani na mama. Macho yakatangatanga yakikosa pa kutua, mwishowe yote yakatua kwa mwenyekiti wa kikao, yaani Kauli Moja mwenyewe.

Sasa, kwa utaratibu wa siku zote, mwenyekiti ndiye hunyoosha kwanza, ili wengine waone mkono unavyonyooshwa. Kimya kikawa kirefu. Katika idara ile, kimya kirefu ni jirani wa upinzani. Mzee akajiambia, tulia, ewe mtu mzima, kalia mkono wako. Mkono haukumsikia. Ulikuwa mtumishi mtiifu kuliko yeye. Ukapanda.

Mikono yote ikapanda.

"Kwa kauli moja!" Makamu akapaza sauti. Makofi yakarindima. Mzee naye akapiga, kwa kuwa wote walikuwa wanapiga.

Mlangoni Mhasibu akamshika bega. "Pole, bosi. Jana tulisikia habari mbili, kwamba umechoka na kwamba hujachoka. Leo dereva naye hayupo, basi kila mmoja akasema moyoni asijisumbue, amwangalie mtu mmoja tu. Akiuacha mkono wake chini, wote tunaiacha yetu chini, na wewe unabaki."

"Mtu gani huyo?"

"Wewe, bosi."