Malalamiko Dhidi ya Sanamu Aitwaye Brian, Aliyelazwa Kitanda Changu

Abdiel S. Nnko,
Sokon I,
Arusha.
23 Mei 2025

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Matabibu Kilele,
Arusha.

YAH: KUONDOLEWA KWA SANAMU KITANDA NAMBA NNE

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Nakusalimu, na nakupa pole kwa maandalizi ya mitihani ya vitendo. Mimi ni yule mzee ambaye kila Jumatano hulala kwenye chumba cha vitendo, kitanda namba nne, ili wanafunzi wa utabibu wajifunze kumhoji na kumpima mtu kabla hawajapelekwa kwa wagonjwa wenyewe. Kabla ya kustaafu nilikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika wa kahawa kwa miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo yote sikuandika barua ya malalamiko hata moja, ingawa sababu zilikuwepo.

Kazi ya kuugua niliianza tarehe 2 Februari 2022. Hupewa kadi yenye ugonjwa, dalili zake na umri wangu wa siku hiyo, nami huikariri nyumbani mbele ya mke wangu, Mama Nice, mpaka aniambie inatosha. Kwa mujibu wa shajara yangu, mpaka sasa nimeugua magonjwa thelathini na sita. Malaria nimeugua mara kumi na tisa. Kidole tumbo mara nane, na mara zote nilipobonyezwa nilipiga kelele upande unaotakiwa. Tarehe 8 Novemba 2023 nilikuwa mjamzito wa wiki thelathini, kwa sababu dada aliyepangwa alichelewa. Wanafunzi wanne kati ya sita waliridhika.

Tarehe 7 Mei mwaka huu nilifika saa mbili kamili asubuhi nikakuta kitanda changu kina mtu. Nilimsalimu, kwa kuwa alikuwa amefumbua macho. Hakuitika. Nikarudia kwa sauti. Msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, Tabibu Hans, alicheka akaniambia, "Mzee wangu, huyo ni sanamu, anapumua kwa umeme, na ukibonyeza vitufe vyake moyo unabadili mlio. Kuanzia leo yeye ndiye mgonjwa, wewe pumzika." Wanafunzi walikuwa wameshampa jina la Brian. Nikaelekezwa kwenye benchi la nje, nikaletewa chai na mandazi mawili, kama mgeni.

Sina ugomvi na Tabibu Hans. Ni kijana mwenye adabu na huniamkia kila siku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Brian aliingia bila utaratibu. Mimi nilipoanza niliombwa barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa, picha mbili ndogo na jina la mdhamini. Nilimuuliza mlinzi wa getini, Saning'o, kama aliziona barua na picha za Brian. Akajibu, "Huyo mzee aliingia akiwa ndani ya boksi. Mimi naandika wanaoingia kwa miguu." Jina lake halimo kwenye daftari la wageni, na leo analala pazuri kuliko tulioandikwa.

2. Brian hasemi uongo, na hili ni kosa kubwa la kitaaluma. Muulize mtu wa huku Meru anajisikiaje. Atakwambia "nzuri tu" hata kama ameletwa kwa kubebwa mgongoni. Mtaongea habari za mvua, za kahawa, za ng'ombe, za mtoto aliyeko Dodoma, na ugonjwa wenyewe atautaja akiwa ameshashika kitasa cha mlango anaondoka. Haya yote nilikuwa nikiyafanya. Tena nilikuwa nikificha kwamba nyumbani ninakunywa dawa ya mizizi iliyowekwa kwenye chupa ya soda, mpaka niulizwe mara tatu kwa heshima. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, Nosim, binti wa Kiarusha, alitumia Jumatano tano bila kuipata ile chupa. Jumatano ya sita alivuta kiti karibu akasema, "Babu, na huko jikoni kwa bibi, mmeweka nini kingine?" Nilifurahi mpaka nikasahau kuugulia. Brian akiulizwa ananyamaza, na wanafunzi wameanza kuamini kwamba mgonjwa anayenyamaza hana la kusema.

3. Brian hana ndugu. Katika zahanati yoyote ya mlimani mgonjwa mmoja huja na watu wanne, na anayeulizwa siye anayejibu. Mama Nice alijitolea kuja mara mbili kujibu kwa niaba yangu. Mara ya pili aliwaambia wanafunzi kwamba ninakoroma na sipendi mboga za majani, mambo ambayo hayakuwa kwenye kadi. Tabibu Hans mwenyewe alisema siku ile walijifunza kuliko wiki nzima.

4. Brian anakufa ovyo. Tarehe 14 Mei umeme ulikatika mara tatu, naye akafa mara tatu. Mara ya kwanza wanafunzi walishtuka. Mara ya pili walicheka. Mara ya tatu nilimsikia mmoja akisema, "Brian kafa tena, twendeni tukanywe chai." Ndugu Mkuu, mimi nimekufa hapo chuoni mara moja tu, tena kwa kadi. Nosim alinifumba macho, na hakuna aliyeondoka kitandani mpaka kengele ilipolia. Hawa ndio tunaowatarajia kesho wakae na sisi saa yetu ikifika. Wasizoezwe kwenda kunywa chai.

5. Hili nililiandika nikalifuta mara mbili. Nimestaafu miaka saba sasa. Nyumbani kila mtu ananisalimu vizuri na kila mtu ana haraka. Jumatano ndiyo siku pekee ambayo kijana huvuta kiti, hukaa, huniuliza kinachonisumbua, kisha hunyamaza asikie. Najua ni mazoezi. Najua ana karatasi ya alama mkononi. Lakini ananyamaza na anasikia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Brian aondolewe kitanda namba nne na arudishwe kwenye boksi lake.

(b) Ikishindikana, tufanyiwe usaili yeye na mimi mbele ya jopo. Kila mmoja augue kidole tumbo kwa dakika kumi, na wanafunzi wapige kura ya siri.

(c) Hilo nalo likishindikana, Brian apatiwe familia: mke, mama mkwe, na shemeji mmoja anayejua kila kitu. Wawe wa plastiki kama hakuna namna, ila wawe wanaongea wote kwa wakati mmoja.

(d) Na kwa kuwa familia ya plastiki haiwezi kuongea, niteuliwe mimi kuwa baba mzazi wa Brian. Nitakaa pembeni ya kitanda nijibu maswali yote, yeye akiendelea kupumua. Nikiwa baba yake nitalazimika kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa aandikishwe, na hapo kasoro ya kwanza itakuwa imejiondoa yenyewe. Atatumia jina la Nnko. Mama Nice sijamweleza bado, lakini tumelea watoto watano na huyu hali chakula.

Nisalimie walimu wote, wapishi, Saning'o wa getini, na wanafunzi wa mwaka wa pili, hasa wale wawili ambao hawakuuamini ujauzito wangu. Sina kinyongo nao. Brian naye msalimie, ingawa najua hataitika.

Ni mimi, niliye tayari kuugua siku yoyote nitakapoitwa,

Abdiel S. Nnko

Nyongeza, 26 Mei 2025.

Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha juzi Jumamosi, Nosim alipopita nyumbani kuichukua aifikishe ofisini kwako. Nilimsindikiza mpaka getini, nikasimama njiani mara mbili. Akaniuliza najisikiaje. Nikamjibu nzuri tu. Akasema, "Babu, hilo si jibu, umenifundisha mwenyewe. Kaa hapo." Nikakaa kwenye ndoo. Akatoa kile kipimo chao cha kusikilizia kifua. Kwa kawaida huchukua dakika moja. Safari hii alikisogeza huku na huku, akafumba macho, mpaka Mama Nice akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ndipo Nosim akasema, "Huu mlio naujua. Ni wa Brian, kitufe cha tano."

Alimpigia simu Tabibu Hans, akaja siku hiyo hiyo, akasikiliza, akanipeleka hospitali mwenyewe. Daktari amesema mlango mmoja wa moyo wangu haufungi vizuri, na kwamba nimewahi; mwaka mmoja zaidi angeongea na mjane. Nimelazwa, naandika nikiwa kitandani.

Nimefikiri sana. Miaka mitatu niliyolala hapo chuoni nilikuwa nikiwasikilizisha wanafunzi moyo ambao bado ulikuwa mzima. Wangeusikiliza mpaka wazeeke, ule mlio wasiujue. Binti amefundishwa na plastiki.

Mama Nice anasema niichane barua. Siwezi, ghalani karatasi yenye namba haikuchanwa, ilisahihishwa. Basi naomba usahihishe hivi: malalamiko ya kwanza hadi ya nne yafutwe, pamoja na maombi yote. La tano libaki. Brian aachiwe kitanda namba nne. Mimi nikiruhusiwa kutoka hapa, naomba namba tano, jirani naye. Kadi msiniandalie. Ugonjwa nitakuja nao.