Besi Haijazorota, Ngazi Ndizo Zilizoongezeka

Maramba,
Jumatatu baada ya Sikukuu ya Mavuno

Kwa Katibu wa Kwaya, Bi. Leticia,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo uliyoiweka mwanzoni mwa ripoti yako nimeipokea, marahaba mwanangu. Ninalolalamikia ni ukurasa wa pili, ulipowaandikia rafiki zetu wa Ulaya kwamba besi ya mzee Rafaeli imo katika “diklaini”, na kwamba ifikapo Majilio nipumzishwe kwa heshima. Binti yangu Ritha anasema maana yake ni kuzorota. Nimeumia, na hoja zangu ni hizi:

1. Neno hilo nimelitafuta kwenye kamusi ya Ritha. Wenyewe hulitumia kwa jua linapotua, kwa bei ya mazao na kwa falme zilizokwisha. Mimi si jua, na mkonge niliacha kuukata zamani. Mtu aliyevaa joho la kwaya hakutajwa popote.

2. Umeandika kwamba nachelewa kufika roshani. Nilipojiunga na kwaya ngazi zilikuwa kumi na moja. Sasa zimeongezeka, ingawa nikizihesabu wakati wa kushuka hutoka zilezile kumi na moja. Fundi aulizwe.

3. Tangu kije kinanda kipya, sauti za chini zimeteremshwa mno. Do ya sasa siyo do niliyofundishwa. Aliyezorota hapo ni do.

4. Beti nazo zimerefushwa. Pumzi iliyonifikisha mwisho wa mstari sasa inaishia katikati, na pumzi ni ileile. Halafu umemwandika Godlisten, mwenzangu wa besi, kwamba anaimba kwa nguvu kupita kiasi. Huyo naomba asiguswe kabisa.

5. Ukipima kwa haki, basi, usharika mzima umezorota, kuanzia ngazi hadi kinanda, na aliyebaki palepale ni mimi peke yangu. Naomba ripoti isahihishwe, kinanda kipumzishwe kwa heshima, nami nipewe ubeti wa peke yangu siku ya Krismasi. Ng'ombe hazeeki maini, wala koo.

Nisalimie mchungaji, akina mama wa soprano wote, na Godlisten anayesimama nyuma yangu.

Wako katika utumishi wa uimbaji,
Mzee Rafaeli, besi ya kwanza

Nyongeza: Leticia mwanangu, hapa usiwasomee wenzako. Tangu Pasaka ya mwaka juzi mimi nafungua mdomo tu. Besi mnayoisikia ni ya Godlisten. Anajua, ndiyo maana anaimba kwa nguvu za watu wawili. Lakini mama yenu Praxeda hukaa benchi la nne, na kila Jumapili tukirudi nyumbani huniambia kwamba leo amenisikia vizuri. Mkiniteremsha nikakae naye, atasikia besi ikiendelea kule juu. Niacheni nisimame palepale. Sitamsumbua mtu, hata sauti sitatoa.