Msomaji Wangu Jokébed

Jumatatu, 4 Novemba

Butembo. Ukungu. Wasomaji leo: sifuri. Kuku mmoja aliingia, akazunguka, akatoka. Nilifikiri kumwandika kwenye rejista. Nikajizuia.

Mwezi wa pili wa masomo yangu ya master. Ndiyo! Mimi, Stanislas Lusenge, miaka arobaini na tatu, mtunza vitabu mia sita na kumi na viwili vya shule yetu hapa kilimani, nimekuwa mwanafunzi tena. Ninasoma kwa simu, mambo ya maktaba za shule na teknolojia ya kufundishia. Si kwa kupenda sana. Préfet, mkuu wetu wa shule, ametangaza: mwaka ujao maktaba na chumba cha kompyuta vitakuwa kitu kimoja, chini ya chef mmoja. Chef ni yule atakayepata diploma. Mwingine atarudi kufundisha batoto wa mwaka wa kwanza.

Tuko wawili kwenye masomo hayo: mimi na Octave wa kompyuta. Octave ametoka Kananga, serikali ilimtuma huku, na anacheka na kila mtu bila sababu. Chumba chake kinajaa tangu asubuhi. Kwangu wanafunzi wanapita tu wakienda kwake.

Profesa Julienne ameagiza kila mmoja wetu aandike daftari juu ya msomaji mmoja: anasoma nini, anabadilika namna gani, wiki kwa wiki. Hilo halinisumbui. Msomaji ninaye. Anaitwa Jokébed. Mjane, anasaga muhogo kwenye moulin iliyo ng'ambo ya barabara, amesoma vitabu kumi na vinne kwa wiki sita, na kila kimoja kimemgusa moyo.

Kasoro yake ni moja. Hayupo. Nilimtunga.

Lakini ana adabu sana. Ananiuliza nimeamka namna gani. Hakuna mwingine anayeniuliza.

Jumanne, 5 Novemba

Ushindi! Profesa ameandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba katika madaftari yote, la Jokébed ndilo bora. Amesema alilia kwenye ukurasa wa tisa. (Ukurasa wa tisa hata mimi nililia.)

Miezi miwili sasa, kila asubuhi, ninaandika pale, Bonjour chers collègues. Hakuna anayejibu. Leo watu kumi na mmoja wamejibu! Wote wakasema nimsalimie Jokébed.

Jioni, msiba. Profesa anaongeza kwamba tarehe 13 atashuka kwa ndege uwanja wa Mavivi, na tarehe 14 atatupokea Beni. Nije na Jokébed. Anataka kumshika mkono.

Octave ameweka moyo mwekundu chini ya ujumbe huo. Anajua kitu. Mais oui, anajua!

Jumatano, 6 Novemba

Mpango wa kwanza: Jokébed afe. Malaria, siku tatu, bila mateso. Niliandika mistari miwili, nikashindwa. Nilisimama dirishani muda mrefu. Alikuwa na miaka thelathini na nane tu.

Mpango wa pili: kumpata.

Nilivuka barabara mpaka moulin. Mama wa pale anaitwa Kahongya. Mjane kweli! Mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Miaka sita ninapita pale, sikuwahi kujua jina lake. Nilimweleza, nikipiga kelele kuishinda mashine, kwamba shule inahitaji mama mwenye heshima awe Jokébed kwa siku moja tu, kule Beni. Kazi nyepesi. Atasema amesoma vitabu kumi na vinne, atatabasamu, tutarudi.

Akazima mashine. Akanitazama.

«Hivyo vitabu, mi nimevisoma?»

Nikasema hapana, lakini hilo ni jambo dogo.

«Mwalimu, siwezi sema bongo, nidanganye, juu ya kitabu yenye sijasoma. Unipe kwanza nisome. Halafu tutaona.»

Nikamwambia zimebaki siku nane. Akasema yeye si mzito, na darasa la sita alimaliza. Akawasha mashine. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa, 8 Novemba

Ameshachukua vitabu viwili. Kimoja cha kufuga nyuki. Kingine ni roman, hadithi ndefu ya mtu wa douane, wa forodhani, aliyempenda mwanamke mpitisha magendo. Leo amerudisha cha nyuki, na alama za vidole vyeupe kwenye kila ukurasa! Nikamfokea. Akapuliza unga, akasema nyuki wenyewe hawakulalamika.

Alinikuta ninakula bukari, ugali wa jana, juu ya kabati la fiches, zile kadi za vitabu. Akauliza ninakula na nani. Nikasema wasomi hula peke yao, ni desturi. Akatoka. Saa saba akarudi na sahani ya sombe, majani ya muhogo, akaiweka juu ya atlasi, akaondoka.

Nimeila yote. Ni sehemu ya utafiti.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Octave alinishika bega. Akasema mke wake Mélanie amepika matembele na samaki, nije kwao, tule, tuongee mambo ya master. Tuongee! Anataka kunichimba! Nikamwambia nina wageni nyumbani, wengi, wametoka Lubero.

Kosa: Octave anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ikabidi nikae ndani mchana kutwa, nimefunga pazia, ninaongea kwa sauti. Nilikuwa mjomba. Nilikuwa shangazi. Nikacheka kicheko cha watu watatu. Kufika saa kumi koo lilikauka.

Nilisikia Octave akipita barabarani. Alisimama kidogo, halafu akaenda zake. Nimemdanganya kabisa!

Jumanne, 12 Novemba

Kahongya amekuja na hasira. Roman ya mtu wa douane haina ukurasa wa mwisho, umechanika. Akataka nimwambie: je, alimkamata yule mwanamke, au alimwachia apite?

Nikamwambia sijui. Akauliza, kwani hujakisoma? Nikamweleza kwamba kazi ya mtunza vitabu ni kutunza. Alinitazama kama mtu anayetazama gunia lililotoboka.

Akasema kule moulin kuna vita. Yeye huwasimulia bamama wakati wanasubiri zamu yao, na sasa wamegawanyika. Nusu wanasema mtu wa douane alimwachia. Nusu wanasema alimkamata, sababu hakuna mutu wa douane mwenye moyo. Jana mama mmoja alimaliza kusagiwa na akakataa kwenda nyumbani.

Nikamwomba aache mambo ya pembeni, ashike kichwani sentensi nilizomwandikia. Ya kwanza: «Kitabu ni taa ya roho yangu.» Akairudia mara moja, akakunja uso.

Alhamisi, 14 Novemba

Beni. 

Tuliondoka asubuhi na mapema kwa taxi, watu sita ndani, Octave mbele na dereva. Kule joto. Mimi na koti langu la Butembo! Kakao imeanikwa kando ya barabara, harufu yake kama siki. Kwenye barrière askari aliuliza majina. Kahongya akasema Kahongya. Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga na yeye, kwa nguvu zaidi.

Profesa Julienne alitupokea katika chumba kidogo chenye ventilateur, feni ya darini. Akasimama, akafungua mikono, akasema, «Jokébed wangu!»

Na yule mama, bila hata kukohoa:

«Pole, Mama Profesa. Jokébed hapana iko. Mi ni Kahongya. Huyu mwalimu alinitafuta nikuje kukudanganya. Mais vitabu vinne, hivyo nimesoma kweli.»

 Ventilateur ilikuwa ikizunguka. Octave alitazama viatu vyake.

Nilingoja nifukuzwe. Lakini Profesa alivuta kiti, akamuuliza, vitabu gani? Kahongya akaanza. Akasimulia mtu wa douane. Akasimulia vita vya moulin, nani anasema nini, nani amemnunia nani. Akasimulia miisho mitatu ambayo bamama wameitunga wenyewe. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika kurasa nne! Saa nzima! Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Halafu akanigeukia. Alisema polepole, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Daftari la Jokébed: sifuri. «Monsieur Lusenge, umetunga mtu, na wa kweli alikuwa ng'ambo ya barabara.» Ananipa nafasi moja mpaka mwisho wa mwezi. Nikae pale moulin, niandike ninayoyaona na kuyasikia. Basi. Hata kurasa tano.

Octave amepata kumi na nne juu ya ishirini. Msomaji wake ni mlinzi wa shule, anayesoma magazeti ya zamani. Mlinzi! Yupo pale mlangoni kila siku!

Tukarudi. Karibu na Butembo Kahongya akanigusa mkono.

«Mwalimu, kuja siku ya tatu, Jumatano. Bamama batakuwa pale bote. Tutakuwekea kiti.»

Nikajibu, wasingya, asante ya kwetu. 

Jumatano, 20 Novemba

Siku yenyewe. Nimeamka mapema, nimepiga koti pasi, nimenoa kalamu mbili. Nilifika mpaka ukingo wa barabara. Kiti nilikiona. Cha plastiki, wamekifuta unga. Kilikuwa katikati yao.

Nikafikiri vizuri. Moulin ina vumbi, nina kifua chepesi. Ina makelele. Na mtafiti akikaa katikati ya watu, watu hawasemi tena kama kawaida: hilo ni somo la tatu, nililisoma. Tena wangeniuliza mambo. Nimeoa? Ninatoka kwa nani? Je, mimi ninasemaje, alimwachia au alimkamata?

Nimerudi maktabani. Nimefunga mlango kwa ndani. Nitaandika bamama wa moulin kutoka hapa, kwa utulivu, na itakuwa kweli zaidi.

Kazi inakwenda vizuri sana! Saa tano tu na tayari ninao watatu: Shekinah, Victoire na Tamar. Tamar ndiye mkali. Anasema mtu wa douane alimwachia yule mwanamke, halafu akajuta maisha yake yote. Ana maneno, yule!

Saa sita wamegonga. Kahongya, akiita Mwalimu, Mwalimu, bamama wanangoja. Halafu sauti ya Octave, na yeye! Akasema labda nimegonjwa. Kahongya akagonga tena, taratibu.

Nilikaa kimya mpaka nyayo zao zikavuka barabara. Ningefanya nini? Tamar alikuwa katikati ya sentensi, na si adabu kumkatiza mama anapoongea na wewe.