Kaptura ya Mwavuli

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kanunua nguo ya kuogelea. Nguo ya kuogelea! Daktari alimwambia maji yatamsaidia magoti. Nilidhani ataitikia ndiyo daktari, kisha arudi nyumbani akae na magoti yake kama watu wengine. Wapi!

Rangi ya zambarau. Mgongo wazi. Kaivaa chumbani, kajigeuza mbele ya kioo cha kabati kama bibi harusi, kisha kaniuliza imemkaaje. Nikamwambia, Mama Watoto, umefanana na godoro lililofungwa kamba.

Utani tu. Ndio utani wangu tangu ujana, na siku zote nikiutoa huwa anabadilisha nguo. Leo hakubadilisha. Kanitazama, kajipiga kofi pajani, kasema godoro si baya, watu hulilalia. Kisha kaenda jikoni vile vile. Kaosha vyombo mgongo wazi!

Chai sikuimaliza.

Jumanne, 5 Machi

Kaenda bwawani. Nilikaa dirishani nikijifanya natia mafuta cherehani. Karudi nywele mbichi, macho yanang'aa, mdomo haufungi. Maji mazuri. Mwalimu mpole. Na wazee wenzake wa kundi, wacheshi jamani! Nikauliza wacheshi akina nani.

Kinyozi.

Kinyozi! Duka lake lilitazamana na langu maisha yetu yote ya kazi. Yeye ananyoa, mimi nashona, hatuazimani hata mkasi. Kifua kama mlango. Meno bado anayo yote, na hucheka hata pasipo na cha kuchekesha ili uyaone. Eti kamwambia mke wangu zambarau inampendeza. Nikasema huyo anajua nini kuhusu rangi, maisha yake yote kaona nyeusi na mvi. Mama Watoto hakucheka. Nikacheka mimi, maana lazima mtu acheke.

Nina mpango.

Jumatano, 6 Machi

Mpango umetimia. Mama Watoto alienda sokoni, nguo iko kwenye kamba inakauka. Nikaishusha. Cherehani. Nikapunguza kiunoni pande zote mbili, kiasi cha upana wa kidole tu, maana fundi wa kweli hana pupa. Uzi wa rangi ile ile. Mshono wangu wa kwenda na kurudi, fundo langu dogo nikalificha kwa ndani. Aliyeitengeneza mwenyewe asingejua. Nikairudisha kambani, kibanio kile kile.

Itambana. Ikimbana, atajua kanenepa. Akijua kanenepa, ataona haya. Akiona haya, atakaa nyumbani na mimi. Akili hii! Ningepelekwa shule nikaimaliza, leo ningekuwa waziri.

Ijumaa, 8 Machi

Haikumbana. Kaivaa ndani ya gauni, kaondoka anaimba.

Aliporudi nikaikagua kambani. Mshono wangu haupo! Hata tundu la sindano halionekani. Nimeota? Au vitambaa vya siku hizi vinajifumua vyenyewe? Viwanda havina tena heshima kwa fundi.

Habari za leo bwawani: Kinyozi anamfundisha kulala chali juu ya maji. Chali! Anamshika mgongo asizame. Mgongo ule ule ulio wazi.

Basi. Naingia majini mwenyewe. Anayetaka kushika mgongo aushike mbele ya mwenye mke.

Jumamosi, 9 Machi

Dukani. Binti muuzaji kaniamkia shikamoo babu, nikusaidie nini. Nikasema nataka kaptura ya kuogelea, ya mjukuu. Kauliza mjukuu kiuno chake kikoje. Nikasema kama changu hivi. Kauliza na tumbo? Nikasema mjukuu kanirithi sana.

Kaleta kitu sawa na leso. Nikauliza iliyobaki iko wapi. Kasema ndiyo yote hiyo, babu.

Chumba cha kujaribia: pazia halifiki ukutani, taa nyeupe utosini, vioo vitatu. Vitatu! Mtu ajione mgongoni kwa kosa gani? Nikavaa, nikainua macho, nikamkuta mzee mmoja. Miguu ya korongo. Tumbo limetangulia, matako yamehama bila kuaga. Nilitaka kumwambia samahani mzee, pana mtu humu. Kisha naye akafungua mdomo.

Nilikaa kidogo kwenye kigoda. Mimi ndiye niliyekuwa nawaficha watu kasoro zao. Bega limeshuka, naliinua. Kitambi, nakipoteza ndani ya koti. Wanaume wazima walitoka dukani kwangu wakitembea kama majenerali. Sasa nimepewa leso.

Binti kauliza nje ya pazia imekaaje. Nikasema mjukuu hataipenda. Kasema kwa upole, mwambie asiogope, bwawani hakuna atakayemwangalia.

Hakuna atakayeniangalia. Asante sana, mwanangu.

Nitajishonea! Ule mwavuli mkubwa mweusi ulivunjika mbavu, kitambaa chake bado kipya na maji hakipitishi. Nitakata pana, yenye staha, hadi chini ya magoti. Lastiki kali kiunoni, lastiki kali magotini, isije ikapanda na kuonyesha kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Lazima niandike.

Niliingia kwa ngazi mbele ya kundi zima, tumbo ndani, kidevu juu. Kinyozi kaniita, karibu fundi! Mama Watoto kaniona, kafurahi kweli, kapunga mkono. Nikaachia ngazi.

Kumbe kitambaa kisichopitisha maji hakipitishi hata hewa. Hewa yote ikabaki ndani ya kaptura, imefungwa juu na chini. Ikavimba. Matako yakapaa, kichwa kikazama. Nikawa naangalia miguu ya watu. Ya Kinyozi ina misuli.

Ndiye aliyenigeuza. Kanishika mgongoni kama mtoto anayeogeshwa, kaniambia tulia fundi, pumua, nimekushika. Na mikono yake imara, mshenzi yule. Kundi zima likacheka, mwalimu kacheka, bawabu kaja kutoka getini acheke karibu.

Mama Watoto hakucheka. Hapo ndipo paliponiuma.

Njiani kasema yote, bila kupaza sauti. Mshono wangu aliuona siku ile ile alipoianua nguo. Alikaa pembeni yangu dukani akitia vifungo tangu hatujapata watoto, mshono wangu anaujua kuliko uso wangu. Kaufumua kwa sindano, kaipitisha nguo kwenye mvuke wa birika, matundu yakafunga. Kisha akangoja niseme mwenyewe.

Kasema siku ile ya kioo alikuwa na hofu kuliko mimi. Alitaka neno moja. Hata zuri nusu. Kama ningesema usiende, naogopa, angekaa.

Nikamwambia sikuogopa kitu, ulikuwa utani.

Kasema ndiyo, anaujua utani huo. Kasema godoro linahamia chumba cha watoto.

Jumatano, 13 Machi

Kahama kweli. Kachukua mto wake, na kioo cha kabati kakifungua kwa bisibisi akaenda nacho. Hatusemeshani.

Mchana kaja Kinyozi, mfuko mkononi. Lastiki ya kaptura yake ya kuogelea imelegea, mshono wa nyuma unaanza kuachia, fundi mwingine hamwamini. Kesho ana darasa. Kasema na nisikate tamaa, nirudi, atanifundisha kulala chali. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia jirani, hii kazi ni bure.

Ninao uzi wa tangu zamani, umekaa dirishani ukapigwa na jua mpaka ukaoza. Utashika akiwa amesimama. Utashika akitembea kando ya bwawa na kifua chake. Akirusha mguu wa kwanza mbele ya mke wangu, Mungu amsaidie.

Mama Watoto kasikia cherehani. Kauliza kupitia ukutani nashona nini. Maneno ya kwanza tangu juzi! Nikasema namsaidia Kinyozi, nalipa wema wake. Kisha kasema, sauti laini ambayo sijaisikia siku nyingi, umefanya vizuri, Baba Watoto.

Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Kilikuwa mdomoni kabisa. Lakini uzi ukakatika sindanoni.

Umeoza kweli kweli. Safi!