Bango la Opanin Nsiah Limefungiwa Ndani

Duka la Mabango ya Misiba,
Bantama, Kumasi.
Jumatano.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Kompyuta wa Mtaa.

YAH: KOMPYUTA MBILI ZA NYUMBA MOJA KUNYIMANA FAILI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima sana, na sababu ni mwanachama wako, Fiifi Ansah.

Kwa miaka ishirini na mitano nimetengeneza mabango ya misiba kwa programu moja tu. Binti yangu aliponinunulia kompyuta mpya, programu ile ikagoma kuingia. Ndipo Fiifi akaniwekea mnachokiita kompyuta pepe, yaani kompyuta ya zamani inayoishi ndani ya hii mpya, katika dirisha lake, ikijiona mashine kamili. Nilimshukuru na kumlisha fufu. Sasa sikia alivyonilipa.

1. Kompyuta hizi zinatumia umeme mmoja, kioo kimoja na meza moja, lakini hazijuani. Picha ya marehemu iko nje, programu iko ndani. Nikiikokota picha hadi mpakani, inakwama. Hata wapangaji walionuniana hupeana chumvi, Mwenyekiti.

2. Nilipolalamika, Fiifi akafungua folda ya pamoja, lakini kwa masharti: ya ndani isome tu, isiandike. Picha ikaingia, bango likakamilika, likakataa kutoka. Nikapiga kioo picha kwa simu, nikachapisha hivyo hivyo. Ndugu wa marehemu wakaja kuuliza yule mwanamume mwenye miwani aliyesimama nyuma ya bibi yao ni nani. Alikuwa mimi, kwenye mng'ao wa kioo.

3. Fiifi akalegeza masharti, nikapata msiba mkubwa zaidi. Katika kazi yetu picha ya marehemu hailali dukani, ni mkosi. Basi nilipoiona picha ya mzee wetu, Opanin Nsiah, imefika ndani, nikaifuta ile ya nje kwa heshima zote. Kumbe folda ni moja yenye milango miwili! Ikafutika kote. Ikabidi nirudi kwa mjane kuomba picha tena, naye akalia upya kana kwamba mumewe amekufa mara ya pili.

4. Baada ya hapo Fiifi akaniingizia picha mpya ndani, kisha akafunga folda kabisa, ati mpaka nijifunze. Mimi nijifunze! Bango jipya la Opanin liko ndani tayari, limependeza, na haliwezi kutoka. Nikamtaka afungue milango yote, ghala lote la ndani lionekane nje, tumalize ubishi. Akaniangalia, akasema, "Mzee wangu, kila ulichoweka humo kitatokea hapa mbele ya wateja. Una hakika?" Nikamjibu kwamba mtu mwaminifu hana cha kuficha. Akacheka, akaenda zake.

Mwenyekiti, huyu Opanin Nsiah si mteja tu. Ni kaka wa mama mkwe wangu, Maame Dufie, na anazikwa Jumamosi hii. Maame Dufie huja dukani kila asubuhi, hukaa kwenye kiti cha wateja, hutazama kioo, haniulizi kitu. Afadhali angenitukana. Ukoo mzima utakuja na nguo nyekundu na nyeusi za msiba, na ukuta ukiwa mtupu bila bango watasema binti yao aliolewa na nani? Mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara ameshaanza kunipungia mkono kwa upole. Naumia, nakwambia kweli.

Kwa hiyo naomba Umoja wako uamue: kwanza, Fiifi aje leo kufungua kila kitu. Pili, iwe ni sheria kwamba kompyuta inayokaa ndani ya nyingine haina siri kwa mwenyeji wake. Tatu, sheria hiyo ienee kwa wapangaji, wakwe na wenye maduka wote wa Kumasi, kwa maana siri ndiyo inayobomoa jamii.

Nisalimie mafundi wote, mkeo, na mama yako, ambaye nasikia magoti yanamsumbua. Mwambie namkumbuka sana.

Ni mimi, mwenye kungoja haki nikiwa nimesimama,
Kwaku Sarpong-Manu.

Tanbihi: Fiifi amefika kabla sijaifunga bahasha, na amefungua kila kitu. Bango la Opanin limetoka. Vimetoka pia vingine, kioo kizima, mbele ya Maame Dufie. Ni hivi, Mwenyekiti: ili nisikimbizane na siku, huwa naandaa mapema mabango ya wazee wetu wa mtaa, nabakiza tarehe tu. La mama yako pia limo. Tafadhali chana barua hii, na umwamuru Fiifi arudi afunge milango yote, kwa kufuli ikiwezekana.

Maame Dufie amelisoma lake lote, polepole, kidole juu ya kioo. Hakukasirika. Amesema picha ni nzuri. Kisha akageuka, akaniuliza, "Mkwe wangu, hapa umeandika nilifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nani amekwambia nitafanya haraka?"